Busti Haisemi Turbo Inazunguka kwa Kasi Gani

(Hotuba iliyotolewa Mbeya mbele ya mafundi wa magari na wanafunzi wa ufundi. Imeandikwa upya kutoka kwenye kinasa sauti, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wa karakana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kufunga sensa ya spidi ya turbo na kuiunganisha na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Nitafika huko, waya kwa waya. Ila kwanza tukubaliane kwa nini mtu ahangaike nayo, maana wengi wenu mna geji ya busti kwenye dashibodi, inayoonyesha presha ya hewa ambayo turbo, ikizungushwa na ekzosi, inaisukumia injini, na mnaona imetosha. Kwa fundi wa Dar es Salaam mara nyingi inatosha kweli. Kwa sisi wa huku juu haitoshi, na chanzo ni hewa tunayovuta.

Usawa wa bahari, hewa ina presha ya takriban kilopaskali 101. Hapa Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, zimebaki 82 na ushee. Kule Timboroa nchini Kenya, ambako malori yanayotoka Mombasa kwenda Uganda hupanda hadi karibu mita 2,700, zimebaki kama 73. Sasa kontroli boksi nyingi za kisasa hazisomi presha kama geji yako, ambayo huhesabu kuanzia presha ya hewa ya nje. Zenyewe zinasoma presha kamili ndani ya manifoldi, bomba linaloigawia injini hewa, zikihesabu kuanzia pasipo na hewa kabisa. Ukiiagiza ilete kilopaskali 200, italeta 200 Kigamboni kule pwani na italeta 200 Uyole hapa Mbeya. Gari linavuta vilevile, mteja analipa na kushukuru. Anayeijua tofauti ni turbo peke yake.

Tuifanyie hesabu. Chukua injini ya petroli ya lita 2, inazunguka mara 6,000 kwa dakika, manifoldi ina kilopaskali 200 na hewa imepozwa na intakula, rejeta ya hewa, hadi nyuzi 40. Injini hiyo inakula takriban gramu 210 za hewa kila sekunde. Pwani, ukiondoa kidogo kinachopotea kwenye ea klina, kompresa, yaani upande wa turbo unaosukuma hewa, inapokea hewa ya kilopaskali 99 na kuitoa ikiwa 200, yaani imezidisha mara mbili. Hapa Mbeya inapokea 80 na inadaiwa ileile 200, kwa hiyo inazidisha mara mbili na nusu. Juu ya hapo, hewa yetu ni nyepesi, hivyo kuzipata gramu zilezile 210 kompresa lazima imeze ujazo wa karibu robo zaidi. Mkiitazama ramani ya kompresa, ile karatasi yenye duara ndani ya duara, nukta yenu imepanda juu na imesogea kulia kwa wakati mmoja. Mistari ya spidi nayo inapanda kuelekea kulekule. Turbo iliyokuwa katikati ya ramani ikiwa pwani, hapa inaweza kuwa inaugusa mstari wa mwisho, na kontroli boksi bado inaona 200 ileile.

Jambo hili ni la zamani kuliko gereji zetu zote. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la turbo mwaka 1905, lakini aliyelipandisha mlimani ni Sanford Moss wa kampuni ya General Electric. Mwaka 1918 aliipeleka injini ya ndege aina ya Liberty, yenye silinda 12, hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, Marekani, mita 4,300 kutoka usawa wa bahari. Injini ile iliyotoa nguvu farasi kama 350 bondeni ilibaki na kama 230 juu ya mlima. Ilipofungwa turbo ikapanda hadi 356. Watu wakaona mlima umeshindwa. Ukweli ni kwamba deni la mlima lilihamishiwa kwenye shafti, na shafti ndiyo inayolilipa mpaka leo.

Inalilipaje? Gurudumu la kompresa lenye kipenyo cha milimita 60, likizunguka mara 150,000 kwa dakika, ncha zake zinakwenda karibu mita 470 kwa sekunde. Sauti hewani inakwenda mita 340 hivi. Na nguvu inayovuta mapanga yatoke kwenye kitovu hupanda kwa mraba wa spidi: ongeza spidi asilimia 10, nguvu hiyo imepanda asilimia 21, ongeza 20, imepanda 44. Ndiyo maana hata Formula 1, walipoleta injini za turbo za mwaka 2014, kanuni iliweka kikomo cha mizunguko 125,000 kwa dakika kwa turbo. Wale wana wahandisi wanaojaza ukumbi huu, na bado wamefungiwa kikomo.

Turbo zikifa huku kwetu, lawama huenda kwenye oili. Na mara nyingi ni oili kweli, sibishi. Lakini kabla hujamwambia mteja kwamba hakubadilisha oili, ligeuze gurudumu la kompresa ulitazame mgongoni. Aluminiamu iliyozungushwa kupita uwezo wake huvutika, na mgongo ule uliotoka kiwandani ukiwa laini unakuwa na vijinundu kama ganda la chungwa. Ukiyaona hayo, turbo mpya ya pili nayo itakufa, hata ukiilisha oili ya bei gani, kama hujaigusa programu ya busti.

Kuna njia nyingine ya kuua turbo ambayo haihitaji hata mlima. Mpira wa intakula ukipasuka, au klipu ikilegea, presha kwenye manifoldi inashuka. Kontroli boksi haijui habari ya mpira. Inachokijua ni kwamba iliagizwa 200 na inaona 170, kwa hiyo inaifunga westigeti, ule mlango unaoipitisha ekzosi pembeni ya turbo, ili turbo iongeze bidii. Hewa inavujia njiani, turbo inazidi kukimbia, na sindano ya busti inamwonyesha dereva kwamba mambo ni ya chini kuliko kawaida! Dereva naye anakandamiza mafuta. Nimeona lori lililopanda mlima Kitonga kwa mtindo huo. Mwenye sensa ya spidi angeona kitu kimoja tu kwenye skrini, busti inashuka na spidi inapanda, na kwa fundi hiyo ni hukumu ya moja kwa moja: kuna hewa inavuja.

Basi tuingie kwenye kazi.

Sensa mtakazokutana nazo ni za aina mbili. Kwenye turbo nyingi za malori zenye njia ya gesi inayojirekebisha upande wa ekzosi, kwa mfano zile za Holset zinazofungwa kwenye injini za Cummins, sensa imeingizwa kwenye nyumba ya beringi na inasoma shafti yenyewe. Hiyo imekuja na gari, kazi yenu ni kuisoma na kuiheshimu. Aina ya pili ndiyo tunayoifunga wenyewe: inakaa kwenye kava la kompresa na kuyahesabu mapanga yanavyopita mbele yake. Inatoa uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi, na panga la aluminiamu likipita linauvuruga, kila mvurugo ukawa pigo moja. Aluminiamu haishikwi na sumaku, mnalijua hilo, lakini inapitisha umeme vizuri, na hapa hilo ndilo linalohitajika. Gurudumu la titani linapitisha umeme kwa shida zaidi, ishara yake ni dhaifu, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujatoa hela.

Turbo kama BorgWarner EFR na Garrett G-Series zimekuja na mahali pa sensa pameshaandaliwa kwenye kava. Kwa nyingine utatoboa. Likitobolewa likiwa kwenye turbo, chenga za aluminiamu zitaingia ndani na utakuwa umeimaliza turbo kabla ya kuipima spidi, kwa hiyo kava litolewe kwanza, litobolewe, lioshwe, lipulizwe. Tundu liwe wima kwa ukuta wa ndani pale mapanga yanapopita. Uso wa sensa usitokeze ndani hata kidogo. Uwe sawa na ukuta au nyuma yake kwa unywele. Nafasi kati ya sensa na panga kwa kawaida haifiki milimita moja, na karatasi ya sensa yako itakupa kipimo chake. Ukishalirudisha kava, sukuma shafti kwa kidole kuelekea upande wa sensa huku ukiizungusha, kisha ivute nje na uisukume ndani. Shafti ya turbo ina mchezo wake, yaani ulegevu kidogo. Kama panga linagusa ukiwa unazungusha kwa kidole, usiwashe.

Sasa sehemu inayowaangusha wengi, nayo ni kuhesabu mapanga. Tazameni gurudumu hili. Lina mapanga 12, lakini 6 ni marefu yanayoanzia mdomoni, na 6 ni mafupi yanayoanzia katikati. Sensa yako ikikaa karibu na mdomo, inayaona yale marefu 6 tu. Ikikaa chini zaidi, inayaona yote 12. Turbo ileile, sensa ileile, na jibu limepishana mara mbili kwa sababu ya tundu kusogea milimita kadhaa. Kuna magurudumu mapya yasiyo na mapanga mafupi kabisa, na mengine yana 11, hivyo usikariri, hesabu.

Kisha kuna mgawanyo. Turbo inayozunguka mara 120,000 kwa dakika inazunguka mara 2,000 kwa sekunde. Zidisha kwa mapanga 12, unapata mapigo 24,000 kwa sekunde, yaani hezi 24,000. Mlango wa kontroli boksi nyingi hauwezi kuhesabu kasi hiyo. Kwa hiyo sensa nyingi zina saketi ndani inayotoa pigo moja kila baada ya mapanga kadhaa, tuseme 8. Hezi 24,000 zinakuwa 3,000, na hizo zinahesabika. Kanuni yenyewe ni fupi: chukua hezi zinazoingia kwenye kontroli boksi, zidisha kwa 60, zidisha kwa mgawanyo, gawa kwa idadi ya mapanga ambayo sensa inayaona. 3,000 mara 60 mara 8, gawa kwa 12, unarudi kwenye 120,000.

Ukikosea, kosa halifanani pande zote. Ukiandika 6 wakati sensa inaona 12, skrini itakuonyesha 240,000, utashtuka na kutafuta tatizo. Ukiandika 12 wakati inaona 6, skrini itasema 60,000 wakati turbo iko 120,000, na utaendelea kuongeza busti kwa furaha. Kwa sababu hiyo nawaomba mkimaliza mlinganishe na ramani ya kompresa. Piga hesabu ya hewa kama tuliyofanya mwanzoni, tafuta nukta yako kwenye ramani, soma mstari wa spidi ulio karibu. Haitalingana kabisa, kwani mistari ile imerekebishwa kwa joto na hewa ya maabara, lakini ikipishana mara mbili utaiona hata bila miwani.

Waya ni tatu: volti 5 kutoka kontroli boksi, hasi ya sensa, na ishara. Hasi irudi kwenye kontroli boksi, isifungwe kwenye bodi ya gari hata kama bodi iko karibu na mkono wako. Sensa nyingine zinaweza kuivuta ishara chini tu na haziwezi kuipandisha. Hizo zinahitaji rezista kati ya ishara na volti 5, na kontroli boksi nyingi zinayo ndani, unaiwasha kwenye programu. Ikiwa waya ni mrefu na rezista ni kubwa mno, mapigo yanachelewa kupanda, kingo zake zinalegea, na spidi inapotea juu kabisa pale unapoihitaji. Osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la ishara, itakuonyesha hilo mara moja. Mita ya kawaida haitakuonyesha kitu. Tumia waya wenye ganda la kinga, ganda lifungwe hasi upande mmoja tu, na uupitishe mbali na koili za plagi na waya wa alteneta.

Kwenye programu, chagua mlango unaosoma mapigo, siyo ule wa volti, na uhakikishe kwenye kitabu chake kwamba unaweza kuhesabu hezi utakazozipeleka. Andika mapanga na mgawanyo. Washa swichi bila kuwasha injini: spidi isome sifuri. Ikisoma chochote, ni kelele za umeme, rudi kwenye waya. Washa injini, rekodi, kisha utazame mchoro. Shafti ina uzito, haiwezi kuruka kutoka 60,000 hadi 95,000 na kurudi kwa kufumba na kufumbua. Ukiona mruko wa namna hiyo, ni umeme. Hapo kijana wa haraka haraka anakimbilia kuongeza chujio la programu mpaka mchoro unyooke. Chujio kidogo halina neno. Chujio zito linauchelewesha ukweli, na kinga uliyoiweka itaamka turbo ikiwa imeshapita kikomo.

Kinga yenyewe tuiweke wapi? Namba ya juu inatoka kwa mtengenezaji wa turbo, kwenye ramani au karatasi yake. Tuseme ni 150,000. Mimi huiacha gari ifanye kazi ya kawaida bila kupita 142,000 hivi, ambayo ni asilimia 95. Kuanzia hapo kontroli boksi ianze kuifungua westigeti taratibu, hata kama busti haijafika ilipoagizwa. Kwa lugha nyingine, busti na spidi zote ziwe na agizo, na lile linalotaka turbo ipunguze mwendo ndilo lisikilizwe. Ikivuka 150,000 licha ya hayo, pengine kwa sababu westigeti imekwama, basi mlango wa hewa wa umeme urudishwe, na kwa dizeli mafuta yapunguzwe. Halafu jambo ambalo naona likirukwa kila mahali: sensa ikikatika waya, spidi itasoma sifuri, na kontroli boksi itaona sifuri kama nafasi ya kuongeza. Iagize kwamba injini ikiwa na mzigo na spidi ni sifuri, irudi kwenye busti ya chini kabisa.

Wenye magari ya mbio mnisikilize hapa. Magari ya daraja la juu ya WRC, mashindano ya dunia ya rali, hayo yanayokuja Naivasha tangu Safari Rally irudishwe kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, yalivuta hewa kupitia tundu la milimita 36 mbele ya turbo hadi mwaka 2024, kisha 2025 likapunguzwa hadi 35. Rally2, daraja la chini yake, ni milimita 32. Tundu lile linashusha presha kabla hewa haijalifikia gurudumu, kwa hiyo kompresa inaona mlima mwingine juu ya mlima wa Naivasha, ambao wenyewe unakaribia mita 1,900. Ukifunga kizuizi cha hewa kwenye gari lako kwa sababu kanuni inakitaka, ukaiacha busti ileile, umeiongezea turbo spidi bila kugusa kitufe.

Na nyie wa malori. Kwenye malori yanayotumia J1939, lugha ya mawasiliano ya kompyuta za malori, spidi ya turbo inatembea kwenye waya za mawasiliano ikiwa na namba ya utambulisho SPN 103, kila hatua moja ya hesabu ikiwakilisha mizunguko 4 kwa dakika. Mashine yako ya kupimia ikileta kosa la SPN 103, usilifute tu na kumruhusu dereva aende Tunduma. Gari lile linaitumia namba hiyo kuamua lipunguze nguvu lini. Kuna watu wanauza programu za kuongeza nguvu ambazo zinaliondoa jedwali la kupunguza busti kadiri hewa inavyopungua. Kwangu huo ni wizi wa turbo ya mtu. Jedwali lile liliwekwa na watu walioijua spidi ya shafti, na anayelifuta ameijua busti tu.

Nilipofika hapo mzee mmoja aliuliza: lori langu ni la zamani, pampu yake ya mafuta haiendeshwi kwa umeme, halina kompyuta, hiyo sensa itanisaidia nini?

Mzee wangu, itakusaidia, ila kazi ya kontroli boksi utaifanya wewe. Kuna skrini ndogo zinazosoma sensa hiyo peke yake. Unaandika mapanga na mgawanyo kwenye skrini badala ya kompyuta. Panda nayo mlima ukiwa na mzigo, tazama namba ya juu inayofikiwa. Ikivuka ya mtengenezaji, punguza mafuta kwenye pampu hadi ishuke, maana kwenye dizeli mafuta ndiyo yanayoipa turbo moto wa kukimbilia. Lori litakuwa zito kidogo Kitonga.

Kijana mmoja akauliza kama sensa inaweza kufungwa wakati wa kutuni tu, kisha ikatolewa ihamie gari lingine, kwa sababu ni ghali.

Inaweza, na wengi wanafanya hivyo. Tundu lizibwe kwa plagi iliyochongwa isitokeze ndani, yenye oringi inayohimili joto, kwa sababu hewa inayotoka kwenye kompresa yenye kazi nzito inaweza kupita nyuzi 150. Busti uliyoipata uiandike pamoja na presha ya hewa ya siku hiyo na mahali ulipopimia, kisha uiwekee kontroli boksi jedwali la kuishusha kadiri gari linavyopanda. Gari lililopimwa Mbeya likienda Dar es Salaam litakuwa na akiba. Lililopimwa Dar likija huku, lifungwe sensa tena.